SOMO LA UFUNDI: KABURETA ILIYOLIWA NA CHUMVI, NAMNA YA KUIOSHA NA KUIPIMA



Somo letu la safari hii ni la kabureta ya pikipiki ya zamani. Tumelichagua kwa sababu wanachama wengi wa pwani hii, kuanzia Kudhaa na visiwa vingine vya Wabajuni mpaka Kismayo na mashamba ya bonde la Juba, wanategemea pikipiki kuukuu kufika kazini, kubeba samaki au kuchukua abiria baada ya saa za kazi. Pikipiki ikilala, mshahara nao unalala. Na ugonjwa mkubwa wa pikipiki ya pwani ni kabureta kuliwa na chumvi.

Jambo la pili ni gharama. Mara nyingi mfanyakazi huambiwa, "Kabureta imekufa, nunua nyingine nzima." Akakopa, akanunua, na baada ya wiki chache nayo ikaziba, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye tangi wala haukuwa kwenye kabureta. Mwingine huoshewa kabureta iliyokwisha kabisa, akarudishiwa, halafu akselereta ikamgandia barabarani. Wa kwanza amepoteza fedha. Wa pili anaweza kupoteza maisha. Wote wawili wameponzwa na jambo moja: hakuna aliyepima.

Kwa hiyo ndugu msomaji, shika kanuni hii moja, maana somo zima limejengwa juu yake: UCHAFU HUOSHWA, LAKINI CHUMA KILICHOLIKA HAKIRUDI. Kazi ya fundi ni kutofautisha hivyo viwili.

1. KABURETA INAFANYA KAZI GANI

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Ndani yake mna sehemu chache tu, na ni vizuri kuzijua kwa majina.

Bakuli ni sehemu ya chini inayoweka petroli. Ndani ya bakuli mna boya. Wavuvi wa Kudhaa hawahitaji kuelezwa boya ni nini: petroli ikijaa boya hupanda, likasukuma sindano fupi iliyo juu yake, na sindano ikafunga mlango wa petroli. Petroli ikipungua boya hushuka, mlango ukafunguka.

Jeti ni vijiti vya shaba ya manjano vyenye tundu dogo. Jeti kubwa hutoa petroli wakati wa mwendo mkali. Jeti ndogo hutoa petroli wakati injini inanguruma pole pole. Silaidi ni ile pistoni ya kabureta inayopanda na kushuka unapozungusha akselereta, nayo imeshika sindano ndefu inayoingia katika njia ya petroli. Mwisho ni skrubu ya hewa ubavuni.

Pikipiki tunazozungumzia ni zile zenye kabureta ya silaidi ya namna hii: Honda CG125, iliyoanza kuundwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni ya shida, Yamaha na Suzuki za zamani za tu-stroki, zinazotumia petroli na oili pamoja, na nyinginezo za rika hilo. Mwenye mashine ya boti ya tu-stroki naye asikilize, maana kabureta yake ni ndugu wa hii, ijapokuwa haina silaidi.

2. KWA NINI CHUMVI HUILA

Mwili wa kabureta umetengenezwa kwa aluminiamu au zinki iliyochanganywa. Jeti ni za shaba. Ukiweka madini mawili tofauti pamoja, na kati yake pakawa na maji ya chumvi, unapata kitu kama betri ndogo. Umeme mdogo hupita, na madini yaliyo dhaifu huliwa. Hapa aluminiamu na zinki ndizo dhaifu, shaba ndiyo yenye nguvu. Ndiyo maana mwili wa kabureta huanza kuliwa pale pale jeti zilipokazwa.

Maji huingiaje? Njia ni nyingi. Pikipiki huvushwa kwa mashua ikarushiwa maji. Petroli huuzwa katika madumu yaliyokaa pwani usiku na mchana. Tangi lisilojaa hukusanya umande ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo huzama chini kabisa, yaani ndani ya bakuli, yakakaa hapo yakila chuma kimya kimya. Pikipiki iliyolazwa mwezi mmoja na maji katika bakuli huharibika kuliko ile inayokwenda kila siku.

3. KABLA YA KUFUNGUA

Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji, ukaweza kufika jikoni hatua nyingi kutoka ulipo.

Usinyonye petroli kwa mdomo, wala usimwamrishe kijana anayejifunza kazi afanye hivyo. Petroli ikiingia mapafuni, hata kidogo, inaweza kuua. Tena ndani ya petroli mna benzini, ambayo huleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta au kuishika miaka mingi. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli ya magari ilikwisha kuuzwa duniani mwaka 2021, lakini benzini imo bado. Kwa hiyo osha vyuma kwa mafuta ya taa au sabuni, si kwa petroli, na mikono ioshe kwa sabuni kabla ya kula.

Kisha chukua karatasi na kalamu. Funga koki ya petroli. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, ikaze taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, na uandike. Bila kuilazimisha: ncha yake ni nyembamba na huvunjika. Unapotoa sindano ndefu, hesabu klipu yake ilikaa katika mfuo wa ngapi kutoka juu, uandike. Soma namba zilizopigwa kwenye jeti, uziandike pia. Mtu anayetegemea kukumbuka ndiye anayerudisha kabureta ikiwa tofauti na alivyoikuta.

4. ISOME RANGI

Ukiisha kufungua bakuli, usikimbilie kuosha. Tazama kwanza, maana rangi ya uchafu hukuambia ulikotoka.

Unga wa rangi ya kahawia ni kutu ya chuma. Kabureta haina chuma cha kutoa kutu kiasi hicho. Kutu hiyo imeshuka kutoka kwenye tangi. Usiposafisha tangi na kuweka chujio, kazi yote ya leo ni bure.

Unga mweupe au wa kijivu ni mwili wa kabureta wenyewe unaoliwa. Hapo palikaa maji.

Rangi ya kijani ni shaba ya jeti inayoota kutu yake.

Gundi inayong'aa, ya rangi ya sandarusi, ni petroli ya zamani iliyokauka. Huu ni uchafu mtupu. Unatisha kwa macho, lakini ndio mwepesi kuondoa, na chini yake mara nyingi utakuta kabureta nzima kabisa.

Chukua pia petroli iliyomo tangini, itie katika chupa safi ya kioo, iache itulie. Ukiona mstari na maji chini yake, umempata adui.

5. KUTOA JETI ZILIZOGANDA

Hapa ndipo kabureta nyingi huuawa na fundi mwenyewe. Jeti ya shaba ni laini. Bisibisi ndogo kuliko mfereji wa jeti huukwangua mfereji, na jeti haitoki tena.

Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote. Jeti ikikataa, weka mafuta ya taa au dizeli, uiache usiku kucha. Ikikataa tena, subiri harufu ya mafuta iishe kabisa, kisha tumbukiza mwili wa kabureta katika maji yanayochemka kwa dakika chache, baada ya kuondoa boya, mipira na kila kitu cha plastiki. Aluminiamu na zinki hutanuka kwa joto kuliko shaba, hivyo mwili hulegeza mkono wake juu ya jeti. Shika kwa kitambaa kinene, ujaribu ikiwa bado ya moto. Usitumie moto wa gesi wala mkaa.

6. KUOSHA

Osha kwanza kwa mafuta ya taa na mswaki wa meno uliochakaa. Gundi ya petroli italainika. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni.

Maji yawe ya mvua au ya kisima kitamu. Visiwani maji matamu ni ya thamani, na mtu anaweza kushawishika kutumia maji ya kisima chenye chumvi. Asifanye hivyo, maana atakuwa anarudisha ugonjwa ule ule ndani. Kibakuli kimoja cha maji ya mvua kinatosha.

Kwa unga mweupe uliobaki, unaweza kutumia siki au ndimu iliyochanganywa na maji. Lakini angalia: tindikali ya ndimu haichagui. Ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima. Iache dakika kumi tu, ukitazama, kisha suuza kwa maji mengi matamu. Jeti za shaba nazo husafika kwa ndimu. Yale magadi makali yanayotumika kupika sabuni usiyaguse kabisa kwa kazi hii. Hula aluminiamu mbele ya macho yako.

Tundu za jeti usizichokoe kwa waya wa chuma, sindano ya kushonea wala pini. Chuma ni kigumu kuliko shaba, kitapanua tundu. Tumia uzi mmoja wa waya laini wa taa, au mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao kwetu haukosekani. Tufanye hesabu kidogo. Tundu la upana wa milimita 1.00 likipanuka likawa 1.10, macho hayaoni tofauti. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21, na petroli inayopita imeongezeka karibu kiasi hicho. Injini inakunywa, plagi inakuwa nyeusi, na wewe unalaumu muuza petroli.

Mwisho puliza kila njia kwa pampu ya baiskeli, macho ukiyaweka kando. Puliza upande huu, hewa itoke upande ule. Njia ya jeti ndogo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, nayo ndiyo sababu ya pikipiki kukataa kutulia na kuzimika kila ukiachia akselereta.

7. KUPIMA: VIKAPU VITATU

Sasa kabureta ni safi na kavu. Weka vikapu vitatu, au chora mistari mitatu juu ya gazeti: NZIMA, YA KUBADILISHA, YA KUTUPA. Kila kipande kipite katika kipimo chake.

JETI. Ielekeze mbinguni, utazame katika tundu. Likiwa duara kamili, ni nzima. Likiwa na pembe au mikwaruzo, badilisha kwa namba ile ile uliyoandika.

BOYA. Kama ni la shaba, litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, limetoboka. Lizamishe katika maji ya moto: mapovu yatakuonyesha tundu lilipo. Usilichomelee likiwa na petroli ndani, litalipuka usoni. Boya la plastiki lililopasuka au kuwa zito hubadilishwa.

SINDANO FUPI YA BOYA. Tazama ncha yake. Ikiwa na mfereji mdogo kuizunguka kama pete, imekwisha, badilisha. Ndicho kipande cha bei ndogo kabisa, na ndicho kinachomwaga petroli juu ya injini ya moto. Kisha geuza kabureta juu chini ili boya liilalie sindano, tia mpira safi kwenye mlango wa petroli, upulize kwa pampu polepole. Hewa isipite. Inua boya kwa kidole: hewa ipite. Ikiwa sindano ni mpya na hewa bado inapita, basi kiti cha sindano kimelika. Katika kabureta nyingine kiti hufunguliwa kwa spana na kubadilishwa. Kikiwa ni sehemu ya mwili, mwili mzima ni wa kutupa.

BAKULI. Vishimo vya juu juu havina neno. Lijaze petroli, uliweke nje juu ya karatasi kavu, mbali na moto na watoto. Karatasi ikilowa, bakuli limetoboka.

USO WA KUFUNGIA KWENYE INJINI. Weka rula ya chuma juu yake, utazame mwanga. Ukipita mwanga katikati, uso umepinda, mara nyingi kwa sababu ya mtu kukaza nati kupita kiasi. Hewa itaingia hapo, mchanganyiko utakosa petroli, injini itachemka, na pistoni inaweza kutoboka. Uso uliopinda kidogo husawazishwa kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo, kisha huoshwa tena.

SILAIDI. Hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Itie silaidi peke yake katika bomba lake, bila springi wala oili, uiachie. Ishuke kwa uzito wake mpaka chini, isikike "tak". Ikisita njiani, tafuta sababu: uchafu uliobaki au kipele cha kutu nyeupe. Osha tena, upime tena. Usipige msasa ndani ya bomba. Kama bomba limechimbika vishimo pale silaidi inapopita, au silaidi bado inasita baada ya kuosha mara ya pili, kabureta hiyo ni ya kutupa. Hapo hakuna kubembeleza wala kusema "itazoea". Silaidi ikigandia juu, injini inakwenda kasi na wewe huna namna ya kuipunguza.

8. KURUDISHA NA KUJARIBU

Rudisha kila kitu kwa karatasi yako: klipu mfuo ule ule, skrubu ya hewa mizunguko ile ile. Upande wa silaidi uliokatwa uelekee kwenye chujio la hewa. Jeti zikazwe za kutosha tu. Gasketi iwe mpya ikiwezekana.

Kabla ya kupiga kiki, vuta akselereta mpaka mwisho uiachie. Irudi yenyewe kwa mlio. Fanya hivyo usukani ukiwa katikati, kisha umekatwa kulia, kisha kushoto. Waya ukivutika usukani unapokatwa, upange upya.

Fungua koki ya petroli, ungoje dakika tano, upapase chini ya bakuli. Pakiwa pakavu, washa. Baada ya safari fupi, toa plagi uitazame. Rangi ya udongo wa kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi. Nyeupe ni petroli haba, usiende mbali.

Na kwa siku zijazo: pikipiki ikilala zaidi ya wiki, funga koki na umwage petroli ya bakuli kwa skrubu yake ya chini. Kazi hii haifiki hata dakika mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

9. IKIWA PIKIPIKI NI YA MWAJIRI

Wapo wanachama wanaopewa pikipiki na mwajiri: walinzi wa mashamba, wapeleka barua, wasimamizi wa mifereji. Wengine huambiwa, "Endesha hivyo hivyo, kazi isisimame." Hapa somo la ufundi linakuwa somo la haki.

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema kwamba mfanyakazi aliyejitoa katika kazi kwa kuamini kwa sababu za haki kuwa kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, analindwa asiadhibiwe isivyo haki. Unasema pia kwamba amjulishe msimamizi wake mara moja. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliamua kwamba mahali pa kazi penye usalama na afya ni miongoni mwa haki za msingi za kazi, ambazo kila nchi mwanachama inatakiwa kuziheshimu.

Sasa unaona kwa nini tumesisitiza kipimo. Mfanyakazi anayesema, "Pikipiki hii mbovu," atajibiwa kuwa ni mvivu. Lakini mfanyakazi anayesema, "Akselereta hairudi usukani ukikatwa kushoto, nimejaribu mara tatu, shahidi ni fulani," huyo ana neno linaloweza kuandikwa. Aandike tarehe, aandike kasoro, ampe msimamizi nakala na mwakilishi wa chama nakala. Na asiipande.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Bakuli la kabureta lina unga wa kahawia. Mwenzenu anataka kununua kabureta mpya. Mtamshauri nini kwanza?

2. Kwa nini mshipi wa nailoni unafaa kusafisha jeti, na pini haifai?

3. Silaidi imesita baada ya kuoshwa mara mbili. Mwenye pikipiki hana fedha na kesho ni siku ya kazi. Tawi lifanye nini?

4. Kwa mchango mdogo wa kila mwanachama, je, tawi lenu linaweza kununua bisibisi nzuri, spana, pampu na rula ya chuma za kuazimana? Nani atazitunza, na daftari la kuazima litakaa kwa nani?

Swali la tatu na la nne yasipitwe haraka. Yakipata majibu mazuri katika tawi, hakuna atakayepanda pikipiki ya hatari kwa sababu tu hakuwa na nauli ya siku moja.